Tuulize pia daftari la zamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu huligusa mara chache, nalo ni kazi ya kila siku ya kuendesha huduma za mji mdogo. Habari za miji ya namna hiyo huwafikia wasomaji katika sura mbili: ama ni uzinduzi, kiongozi akikata utepe mbele ya tangi jipya la maji, ama ni maafa, mitaro ikiwa imefurika na mabomba yakiwa makavu kwa juma zima. Kati ya siku ya utepe na siku ya maafa hupita miaka mingi, na katika miaka hiyo wapo watu wachache wanaoamka kabla ya wenzao ili kupima, kufagia, kuzibua, kukaza, kubadilisha na kuandika. Nilikuwa mmoja wao hadi nilipostaafu, na ombi langu linahusu tendo hilo la mwisho nililolitaja, yaani kuandika.

Katika kila kituo cha pampu kinachoendeshwa vizuri kuna daftari la zamu. Kurasa zake huwa na madoa ya grisi na miandiko ya watu wengi. Anayemaliza zamu huandika saa pampu ilipowashwa na ilipozimwa, tarakimu za mita kuu, kina cha maji katika tangi, dawa iliyotiwa, kipimo cha klorini iliyobaki ndani ya maji, na lolote lisilo la kawaida, kwa mfano mlio mpya katika beringi, yaani kikalio ambamo mhimili wa pampu huzungukia, au mkanda ulioanza kuchanika. Anayeingia zamu husoma, huuliza, kisha hutia saini. Mtu wa nje anaweza kuiona kazi hiyo kuwa ukarani mtupu. Kwangu mimi ndiyo kiini cha huduma, kwa sababu mashine haisemi kwamba imechoka mpaka mtu alinganishe usomaji wa leo na ule wa miezi sita iliyopita, akaona kwamba pampu ile ile, ikijaza tangi lile lile, sasa inatumia saa kumi kwa kazi iliyokuwa ikiifanya kwa saa nane.

Nitachukua tarakimu moja tu katika ukurasa huo, nayo ni klorini iliyobaki. Klorini inapotiwa katika maji, sehemu yake huishia katika kupambana na vijidudu na uchafu uliomo, na sehemu nyingine husafiri na maji hadi kwa mtumiaji ikiwa mlinzi njiani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ipewe angalau dakika 30 za kufanya kazi, kiasi kilichobaki baada ya hapo kisipungue miligramu 0.5 kwa lita, na maji yanapofika kwenye bomba la mtumiaji kiwango kisishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Upimaji wenyewe huchukua dakika chache: maji kidogo katika kichupa, kidonge cha kupimia, kisha rangi ya waridi inayojitokeza hulinganishwa na kadi ya rangi. Kipimo kikishuka ghafla ilhali dozi haijabadilika, kuna kitu kinachoimaliza klorini, na aghalabu kitu hicho ni uchafu ulioingia kisimani, tangini au katika bomba lililopasuka. Fundi anayepima kila siku hulijua jambo hilo siku hiyo hiyo. Asiyepima huja kuarifiwa na zahanati.

Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, mji uliokuwa na wakazi wasiofika 5,000, mvua kubwa ilisomba vijidudu vya samadi ya ng'ombe hadi katika kisima kifupi kilichokuwa kimojawapo cha visima vya mji. Watu saba walifariki na zaidi ya 2,300 waliugua. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor ilipozichambua kumbukumbu, iligundua kwamba kwa miaka mingi waendeshaji wa mitambo hawakuwa wakipima klorini kila siku kama walivyotakiwa. Walikuwa wakijaza tarakimu za kubuni, kwa kawaida 0.5 au 0.75, siku nenda siku rudi. Dozi waliyoitia ilikuwa ndogo kuliko ilivyopaswa, na mojawapo ya sababu ni kwamba wakazi wenyewe walilalamikia ladha ya dawa. Tume ilieleza pia kwamba watu hao hawakukusudia kumdhuru mtu yeyote. Waliyaamini maji ya visima vyao, na wenyewe waliyanywa bila dawa. Mafunzo waliyokuwa nayo hayakuwaeleza hatari ambayo kipimo kile kiliwekwa kuizuia.

Nimeirudia habari hiyo mara nyingi katika maisha yangu ya kazi, na kila mara ninachokifikiria zaidi ni wasomaji wa daftari lile. Vipimo vya kweli hutikisika: leo 0.55, kesho 0.4, baada ya mvua 0.3, na mwendeshaji anaongeza dozi. Daftari lenye 0.5 na 0.75 tu, wiki baada ya wiki, lilikuwa likisema wazi kwamba hakuna aliyekuwa akipima, na lingeweza kusomwa hivyo na mkaguzi, na msimamizi, na mjumbe wa kamati ya maji, laiti mmoja wao angeketi nalo kwa nusu saa. Kuandika bila kuwapo anayesoma huzaa tarakimu za kubuni hata kwa watu ambao hawakuanza kazi wakiwa wadanganyifu.

Sababu ya pili ya udanganyifu huo ni woga, na hapa nawasemea wenzangu walio bado kazini. Katika ofisi niliyoanzia kazi, fundi aliyeandika kwamba mota imeungua aliitwa kujieleza, na mara nyingine alikatwa mshahara, wakati yule aliyeandika "hali ni shwari" hakuulizwa neno. Matokeo yake yalikuwa kwamba kwa mujibu wa daftari letu mitambo ilikuwa mizima hadi asubuhi ya siku ilipokufa. Baadaye alikuja msimamizi mwingine aliyeanza siku yake kwa kusoma daftari akiwa amesimama nasi, na kwa kila tatizo lililoandikwa aliuliza swali moja: unahitaji nini? Katika muda wa miezi michache kurasa zikajaa ukweli. Ukiutazama ukweli huo kwa juu ungedhani kituo kimeharibika zaidi chini ya uongozi wake, kumbe ndipo kilipoanza kupona, kwa kuwa beringi iliyoripotiwa ikilia hubadilishwa mchana kwa utulivu, na ile iliyofichwa huvunjika usiku na kuondoka na mhimili mzima wa pampu.

Kuna daftari jingine ambalo miji mingi midogo haina kabisa, nalo ni la vali. Chini ya barabara za mji kuna vali nyingi za kufungia maji, na kwa miaka mingi hakuna anayezihitaji, mpaka usiku bomba kuu linapopasuka. Usiku kama huo uliwahi kunikuta. Tulihitaji kufunga vali mbili tu ili tutenge mtaa mmoja. Mzee aliyejua zilipo alikuwa amestaafu, na ramani ilikuwa kichwani mwake. Moja tuliikuta, baada ya kuchimba kwa saa nyingi, imefunikwa na lami mpya. Ya pili ilikuwa imeganda kwa kutu kwa sababu haikuwa imezungushwa tangu ilipofungwa mahali pale. Ikatubidi tuuzime mji mzima hadi kesho yake jioni.

Hasara ya kuuzima mji mzima haiishii kwenye ndoo tupu. Maji yakiwa na presha ndani ya bomba, kila ufa mdogo huvuja kuelekea nje. Presha ikishuka, maji machafu ya ardhini, pamoja na yale ya mabomba ya majitaka yaliyo jirani, huweza kunyonywa kupitia nyufa zile zile na kuingia ndani, na yanaporudishwa maji, uchafu huo ndio husafiri kwanza. Hiyo ndiyo sababu mtandao unaofunguliwa na kufungwa kila siku kwa mgawo ni mgumu mno kuulinda kuliko ule unaobaki umejaa saa zote, na ndiyo sababu bomba likisharejeshwa husafishwa kwa kuachia maji yatoke, kisha klorini hupimwa upya kabla ya wakazi kuambiwa wanywe.

Baada ya usiku ule tulifungua daftari. Kila vali ilipewa namba, na mahali pake pakaandikwa kwa kipimo cha futi kamba kutoka kwenye vitu viwili visivyohama, kama kona ya jengo na nguzo. Tuliandika pia idadi ya mizunguko inayohitajika kuifunga, upande inaofungia, na tarehe iliyozungushwa mara ya mwisho. Tulijiwekea kuzizungusha zote angalau mara moja kwa mwaka, taratibu, kwa sababu vali ikifungwa kwa kasi maji yaliyokuwa mbioni hugonga kwa kishindo na kishindo hicho chaweza kulipasua bomba mahali pengine kabisa. Kazi hii hufanywa na watu wawili wenye ufunguo mrefu, kalamu na chepeo. Haihitaji mradi wala mfadhili, wala hakuna mkutano wa hadhara uliowahi kuitishwa ili isifiwe. Lakini pasuko lililofuata tulilifungia kwa muda usiofika saa moja, mtaa mmoja ukakosa maji, na mitaa mingine haikujua kwamba kumetokea jambo.

Kuhusu uvujaji, hesabu yenyewe inatosha kumkosesha mtu usingizi. Ufa unaotoa lita moja kwa dakika hutoa lita 1,440 kwa siku, na kwa mwaka mzima hupita mita za ujazo 525. Mara nyingi ufa wa namna hiyo hauonekani juu ya ardhi. Njia ya kuushuku ni kusoma mita ya eneo kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati watu wamelala na matumizi halali ni kidogo sana. Mita inayoendelea kuzunguka kwa nguvu saa hizo inapima maji yanayopotea. Fundi anayesoma mita hiyo mara moja hajui kitu. Anayeisoma kila wiki na kuandika anaona mstari ukipanda, kisha anatoka na chuma cha kusikilizia, anakiegemeza kwenye vali moja baada ya nyingine, na kulifuata bomba kwa sikio lake mpaka linapovumia.

Phnom Penh, mji mkuu wa Kamboja, ni mkubwa kuliko miji ninayoizungumzia, lakini mfano wake unanihimiza kwa jinsi ulivyoanza. Mwaka 1993, Ek Sonn Chan alipokabidhiwa mamlaka ya maji ya mji huo baada ya miaka ya vita, takribani asilimia 72 ya maji yaliyozalishwa yalikuwa yakipotea, kwa uvujaji, kwa wizi na kwa maunganisho yasiyokuwa katika kumbukumbu zozote. Miongoni mwa hatua zake za mwanzo ilikuwa kuwatuma watumishi nyumba kwa nyumba waandike upya orodha ya wateja, kwa maana orodha iliyokuwepo ilikuwa na majina ya watu wasiopata maji huku wengi waliokuwa wakiyapata hawamo. Zikafuata mita, ubadilishaji wa mabomba, na vikosi vya kuziba uvujaji vilivyokuwa tayari usiku na mchana. Mwaka 2010, mamlaka hiyo ilipopewa tuzo ya Stockholm ya sekta ya maji (Stockholm Industry Water Award), upotevu ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 6. Ni wazi kwamba fedha za nje zilisaidia, na sitaki kulificha hilo. Hata hivyo, fedha hizo zilikuta ofisi inayojua maji yake yanakwenda wapi.

Daftari la tatu ninaloliombea heshima ni la malalamiko. Mwananchi anayekuja kusema kwamba maji yake yana rangi, kwamba taa mbele ya nyumba yake inawaka mchana kutwa na kuzimika usiku, au kwamba gari la taka limepita bila kusimama, anatupatia kipimo ambacho hatukukilipia. Malalamiko matatu ya maji ya kahawia kutoka mtaa mmoja katika siku mbili yana uzito sawa na chombo cha maabara, iwapo yameandikwa mahali pamoja na kusomwa na mtu mmoja. Mjini Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, chanzo cha maji kilibadilishwa mwezi Aprili 2014 na maji ya mto yakasambazwa bila kutiwa kemikali ya kuzuia ulikaji wa mabomba, na madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaanza kuyeyuka kutoka katika mabomba ya zamani hadi kwenye vikombe vya watoto. Wakazi walilalamika mapema, wakaonyesha chupa za maji yaliyobadilika rangi. Mwezi Oktoba mwaka huo huo kiwanda cha General Motors kiliacha kuyatumia maji hayo kwa sababu yalikuwa yakila vipuri vya injini. Wakazi walirudishiwa chanzo cha awali Oktoba 2015, mwaka mzima baadaye.

Sitaieleza kwa kirefu kazi ya barabara na mitaro, kwa kuwa wengi wanaiona. Nitataja tu kwamba shimo la lami huanza na ufa unaopitisha maji, na kwamba kiraka kinachomwagwa juu ya vumbi na maji, bila kukata kingo zikawa wima, bila kusafisha na bila kushindilia, hung'oka haraka na kulipiwa tena kana kwamba ni shimo jipya. Daftari la viraka lenye mahali na tarehe lingeonyesha ni mashimo mangapi tunayoyanunua mara mbili. Na mtaro uliozibuliwa kabla ya mvua, kisha tope lake likaachwa ukingoni, haujazibuliwa, kwa maana mvua ya kwanza hulirudisha tope lote ndani. Siku ya kuzoa tope iandikwe katika ratiba ile ile ya siku ya kulichota.

Kuhusu chemba za majitaka, hata hivyo, siwezi kupita haraka, kwa sababu huko watu hufa. Gesi ya salfidi ya hidrojeni, inayotokana na kuoza kwa majitaka, ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza, na ikizidi huua uwezo wa pua wa kunusa, kiasi kwamba fundi hudhani harufu imeisha wakati hatari ndiyo imefika. Anaanguka, mwenzake anashuka kumwokoa, na wa pili naye anaanguka. Kabla ya mtu kushuka, mifuniko inapaswa kuachwa wazi, hewa ipimwe kwa chombo, avae mkanda wenye kamba, na juu abaki mtu wa kumvuta bila kushuka. Na yote hayo yaandikwe katika kibali chenye saini, kabla na wala si baada. Halmashauri isiyo na chombo cha kupimia hewa haina haki ya kumwamuru mtumishi wake aingie shimoni, na mtumishi anayekataa kuingia asiitwe mkaidi.

Madiwani wengi ninaowafahamu ni watu wa nia njema, na bado kila mwaka wa bajeti fungu la matengenezo huwa la kwanza kupunguzwa, maana mradi mpya una jina na kibao, ilhali beringi iliyobadilishwa kwa wakati haina hata picha. Mkuu wa idara anayekwenda mbele ya kamati akisema tu kwamba "hali ni mbaya" hushindwa. Akienda na daftari linaloonyesha kwamba pampu namba mbili imeongeza saa mbili za kazi kwa siku tangu mwaka jana, na gharama ya umeme wa saa hizo imeandikwa pembeni mwa bei ya vipuri, mazungumzo hubadilika, kwa kuwa sasa anayepinga naye inambidi alete tarakimu zake. Wengine watasema kwamba zama za daftari zimepita na kwamba simu na kompyuta zinatosha. Sina ugomvi na kompyuta, na kifaa kinachopima klorini mfululizo na kupiga kengele ni bora kuliko mimi na kichupa changu. Tume ya Walkerton ilisema wazi kwamba vifaa vya namna hiyo vingelizuia janga lile. Ninachokidai ni kwamba mahali popote tarakimu zinapotunzwa, awepo mwenye jina na wajibu wa kuzisoma kila siku, na ziwe wazi kwa mwananchi anayetaka kuziona.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu kwako ni hili. Mara nyingine mwandishi wako atakapoalikwa kwenye uzinduzi wa mradi wa maji, achelewe kidogo kuondoka baada ya hotuba. Aombe kuliona daftari la zamu la kituo cha zamani, siyo kipya, na asome kurasa za siku 30 zilizopita. Atazame kama vipimo vya klorini vinatikisika au vimesimama mahali pamoja kama saa mbovu, na kama msimamizi ametia saini katika ukurasa wowote. Kisha aende kwenye bomba la mwisho kabisa la mtandao, lililo mbali zaidi na tangi, ampe fundi nafasi ya kupima mbele yake, na achapishe tarakimu zote mbili pamoja na picha ya utepe.

Wako,
Fundi mstaafu wa maji na usafi wa mji